Kunasa Sauti kwa Tarakilishi: Kasoro na Tiba Zake

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi ni mjukuu kweli, na majuto yenyewe ninayajua. Katika likizo ya Aprili nilikaa na kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, huku kwetu Soin, nikamrekodi kwa dakika 47. Aliimba bembelezi alizomwimbia baba yangu akiwa mtoto. Aliimba nyimbo za kupura wimbi. Baada ya kila wimbo alinieleza uliimbwa na nani na wakati gani. Nilirudi shuleni na flashi mfukoni, kifua mbele kama jogoo wa kijiji.

Mwalimu mlezi wa chama alipoifungua flashi ile mbele ya wanachama, programu ilifunguka vizuri. Mstari ukaonekana kwenye skrini, lakini ulikuwa mnyoofu kama kamba ya kuanikia nguo. Hapakuwa na sauti hata ya kukohoa. Kipakatalishi nilichotumia nyumbani kilikuwa cha kuazima, na mwenyewe alikuwa amekwisha kufuta kila kitu kwa sababu ya virusi. Nikajiambia, si neno, nitarudia likizo ya Agosti. Mwezi wa Julai kogo akapatwa na kiharusi. Yu hai, tunamshukuru Mungu, na akiniona hutabasamu. Lakini maneno ya nyimbo hayamjii tena.

Kilichobaki ni dakika mbili tu ambazo binamu yangu mdogo alizinasa kwa simu siku ile ile, kuku wakipiga kelele pembeni.

Siandiki makala haya ili nihurumiwe. Kila mwaka katika somo la fasihi simulizi tunaulizwa mbinu za kukusanya data nyanjani, nasi tunajibu: kuhoji, kushiriki, kutazama, kutumia kinasasauti. Alama tunapata. Sauti zenyewe je? Jambo ninalotaka tushikane nalo ni hili: programu ya sauti hutengeneza, haifufui. Kasoro nyingi zina tiba, ila tatu hazina: sauti iliyopasuka, sauti iliyozama ndani ya kelele, na faili iliyopotea. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kubonyeza kitufe chekundu na baada ya kubonyeza kile cha kusimamisha.

1. KARAKANA YA SAUTI

Zamani mtu wa huku kwetu aliyetaka wimbo wake unaswe alilazimika kwenda studio, kama ile ya Chandarana mjini Kericho, iliyotoa santuri za benga na za wanamuziki wa Kikipsigis. Siku hizi karakana nzima inaingia ndani ya kipakatalishi. Programu za namna hii ni nyingi: Cubase, Pro Tools, Reaper, FL Studio na nyinginezo. Sisi chamani tunatumia Audacity kwa sababu hailipiwi na haihitaji mashine yenye nguvu nyingi. Ilianzishwa mwaka wa 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka wa 2000. Hata hivyo, mengi nitakayosema yanafaa kwa programu yoyote.

Kwanza tuelewe jinsi mashine inavyosikia. Tarakilishi haisikii kama sikio, yenyewe hupima. Maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme, kisha tarakilishi huupima umeme huo mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Kwa nini nyingi hivyo? Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde. Kanuni inasema kwamba ili kuunasa mtetemo, sharti uupime zaidi ya mara mbili kila unapojirudia. Ndipo ikachaguliwa 44,100 kwa diski za CD. Video kwa kawaida hutumia 48,000.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kila sampuli ya biti 16 huchukua baiti 2. Kwa hiyo dakika moja ya mkondo mmoja wa sauti ni 44,100 × 2 × 60, yaani baiti 5,292,000. Hizo ni megabaiti 5 na ushei. Mikondo miwili, kushoto na kulia, ni mara mbili yake. Tafadhali ikariri namba hii: DAKIKA MOJA, MEGABAITI TANO. Mimi ningeijua wakati ule, nisingekuwa ninaandika haya.

2. KABLA YA KITUFE CHEKUNDU

(a) Omba ruhusa. Mweleze mzee sauti yake itatumiwa wapi. Nyimbo nyingine, hasa nyiso za jandoni, si za masikio ya kila mtu. Mzee akisema zima, zima bila kubishana.

(b) Chagua mahali. Chumba chenye kuta tupu, sakafu ya saruji na paa la mabati kitakurudishia mwangwi, na mwangwi ukishaingia ndani ya sauti ni vigumu kuutoa. Chumba chenye vitanda, magodoro na nguo zilizotundikwa ni bora kuliko sebule nzuri. Ukiweza, tundika blanketi mbili nyuma ya mwimbaji. Chini ya mti hakuna mwangwi, lakini kuna upepo. Hapo funika maikrofoni kwa soksi safi nene.

(c) Chagua saa. Huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na mvua juu ya mabati ni vigumu kuiondoa kwa programu. Asubuhi ni afadhali. Vaa visikizi, nyamaza dakika nzima, usikilize. Utashangaa: trekta la miwa barabarani, bodaboda, redio ya jirani, mashine ya kusaga mahindi kule senta. Sikio lako limezoea kuzipuuza kelele hizo. Maikrofoni haipuuzi kitu.

(d) Pima umbali. Weka maikrofoni shibiri moja kutoka mdomoni kwa mtu anayezungumza, na shibiri mbili kwa anayeimba kwa nguvu. Usiielekeze katikati ya mdomo. Ipeleke kando kidogo, la sivyo kila “p” na “b” itapiga kama ngumi. Soksi ya nailoni ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya, ikasimamishwa kati ya mdomo na maikrofoni, inasaidia sana na haina gharama. Kumbuka pia kwamba ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mwimbaji huongezeka kwa desibeli kama 6 ilhali kelele za chumba hubaki pale pale. Kusogea karibu ndiyo dawa rahisi kuliko zote.

(e) Pima kiwango. Mwambie aimbe sehemu yenye nguvu zaidi, nawe utazame kipimo cha programu. Juu kabisa ni sifuri, na sifuri ni dari. Vilele vya sauti yako vifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, basi. Sauti ndogo inaweza kuongezwa baadaye. Iliyogonga dari haishuki ikawa nzima.

(f) Zima simu, yako na ya kila aliye chumbani, au iweke katika hali ya ndege. Mlio wa ujumbe wa M-PESA katikati ya mbolezi ni fedheha. Tena simu iliyo karibu na waya huleta ule mkwaruzo wa “di-di-dit” kabla hata haijalia.

(g) Jaza betri mapema. Kipakatalishi kikiwa kimejaa, chomoa waya wa stima. Nitaeleza sababu mbele.

(h) Rekodi kimya. Kabla ya mtu kusema, nasa sekunde 10 za chumba kitupu, watu wote wakinyamaza. Sekunde hizo utazihitaji wakati wa kusafisha.

(i) Jitambulishe. Sema tarehe, mahali, jina la msanii na aina ya utungo. Karatasi huchanika na flashi hubadilisha wenyewe, lakini maelezo yaliyo ndani ya sauti huenda nayo popote.

(j) Jaribu. Nasa nusu dakika, simamisha, sikiliza kwa visikizi. Usianze kazi kabla ya kusikia jaribio lako kwa masikio yako mwenyewe.

3. KASORO NA TIBA

KASORO YA KWANZA: Umebonyeza, saa inakwenda, lakini mstari hausogei.
Mara nyingi programu inasikiliza mahali pengine, kwa mfano maikrofoni ya ndani badala ya ile uliyochomeka. Fungua orodha ya vifaa vya kuingizia sauti, uchague kinachofaa. Ikiwa kifaa chako hakimo kwenye orodha, huenda ulikichomeka baada ya kufungua programu: ifunge, uifungue upya. Katika Windows 10 na 11, angalia pia ukurasa wa faragha kwenye mipangilio, kwa maana mfumo unaweza kuwa umeikataza programu kutumia maikrofoni. Halafu tazama plagi yenyewe. Plagi ya iafoni za simu zenye maikrofoni ina mistari mitatu, kwa sababu inabeba masikio mawili na maikrofoni pamoja. Tarakilishi za mezani za maabara huwa na matundu mawili: la kijani ni la kusikilizia, la waridi ni la maikrofoni. Ukichomeka iafoni hizo kwenye tundu la waridi, usitarajie ifanye kazi. Tumia kigawanyio chenye plagi mbili, au maikrofoni ya USB.

KASORO YA PILI: Sauti inakwaruza kila mwimbaji anapopandisha.
Vuta picha ya mawimbi karibu. Ukiona vilele vimekatwa bapa kama ua lililopunguzwa kwa mkasi, sauti ilipiga dari. Vipimo vilivyopita sifuri havikuandikwa, kwa hiyo hakuna pa kuvitoa. Ipo amri ya kujaribu kuviziba, lakini hiyo hubahatisha tu. Tiba ni kurudia papo hapo, kabla mzee hajainuka kitini. Ndiyo maana ya jaribio la nusu dakika.

KASORO YA TATU: Mngurumo wa “mmm” usiokoma.
Stima yetu hapa Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, nao mtetemo huo huingia kupitia chaja, waya mrefu au taa. Chomoa chaja, utumie betri. Tenga waya wa maikrofoni na waya za stima. Zikilazimika kukutana, zipitane kama msalaba, zisilazwe sambamba. Ukisahau, baadaye unaweza kukata mitetemo ya chini ya 80 kwa kichujio. Sauti ya mwanamke iko juu zaidi, kwenye kama 200, hivyo haitaumia. Usifanye hivyo kwa ngoma, utaipoteza kifua chake. Na mngurumo huo huwa na watoto wake kwenye 100, 150 na kuendelea, ambao kichujio cha 80 hakiwafikii. Bora kuuzuia mlangoni.

KASORO YA NNE: Sauti inakatikakatika, ina “tik, tik”.
Tarakilishi imelemewa. Sampuli zinapofika huwekwa kwanza kwenye bafa, yaani kama karai la kukingia maji. Karai likiwa dogo mno na mashine ikachelewa kulimwaga, maji humwagika: hizo ndizo tik-tik. Funga programu nyingine zote, ukate intaneti, uongeze ukubwa wa bafa. Tena usirekodi moja kwa moja ndani ya flashi, kwani nyingi ni za polepole. Rekodi kwenye diski ya mashine, kisha unakili.

KASORO YA TANO: Unaimba, unajisikia umechelewa.
Hii ni kinyume cha ile ya nne: karai limekuwa kubwa mno. Bafa ya sampuli 512 ni kama milisekunde 12, muda ambao sauti hewani husafiri mita 4. Hiyo inavumilika. Bafa ya 2,048 ni milisekunde 46, na hapo mwimbaji hutatizika. Kanuni ni hii: bafa ndogo wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kusafisha na kuchanganya. Ikiwa unarekodi sauti ya pili huku ukisikiliza ya kwanza, zikatofautiana kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, hakuna haja ya kurudia. Isogeze ya pili nyuma mpaka zikutane. Na uvae visikizi. Ukitumia spika, sauti ya kwanza itaingia tena kwenye maikrofoni, na ukizidisha utapata ule mlio wa “wiiii” tuujuao kutoka bwaloni siku ya wazazi.

KASORO YA SITA: Sauti si ya mwenyewe, imekuwa nzito na ya polepole.
Faili ilinaswa kwa 48,000, ikachezwa kama kwamba ni ya 44,100. Saa moja inakuwa dakika 65, na msichana anaanza kusikika kama mama yake. Hakuna kilichoharibika. Irudishie faili kiwango chake cha kweli, sauti itarudi. Kiwango kimoja kwa mradi mzima, ndiyo kinga.

KASORO YA SABA: Unasikia kwa sikio moja tu.
Maikrofoni ni moja, lakini uliiambia programu inase mikondo miwili, mmoja ukabaki mtupu. Tenganisha mikondo, ufute ule mtupu, ule mwingine uugeuze kuwa mono. Kwa mtu mmoja anayesema au kuimba, chagua mono tangu mwanzo.

4. KUSAFISHA: ZILE DAKIKA MBILI

Hapa ndipo dakika mbili za binamu yangu zilipotufaa. Faili ya simu ilikuwa ya aina ya m4a, na Audacity katika Windows ilikataa kuifungua mpaka tulipoongeza maktaba iitwayo FFmpeg. Tulipoifungua, tulifuata hatua hizi, nawe uzifuate kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza, tulitengeneza nakala, tukaiweka ile ya asili kando. Usisafishe ya asili hata siku moja. Ya pili, tulikata mitetemo ya chini ya 80, upepo ukapungua. Ya tatu, tulitafuta mahali ambapo kogo alinyamaza avute pumzi, tukaionyesha programu: hii ndiyo kelele, ijue. Kisha tukachagua wimbo wote, tukaiambia ipunguze kelele hiyo kwa desibeli 6. Kwanza tulikuwa tumejaribu 24, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa la maji. Pupa haifai, punguza kidogo, sikiliza, punguza tena. Ya nne, tuliinua sauti yote mpaka kilele chake kikafika desibeli 1 chini ya sifuri.

Kuku je? Kuku hawakutoka. Amri hii huondoa kelele isiyobadilika, kama mvumo wa feni au upepo mwembamba. Kelele inayopanda na kushuka, kama kuku, mtoto au mbwa, amri hii haiwezi kuitenga na wimbo. Basi tukawaacha. Babangu alipousikia wimbo ule alisema kuku wale wanamwonyesha kwamba kogo alikuwa ameketi mlango wa jikoni.

5. BAADA YA KUSIMAMISHA: KUHIFADHI

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo kosa linalowapata wengi. Kuhifadhi mradi na kutoa faili ya sauti ni mambo mawili tofauti. Mradi ni daftari la fundi: linasema sauti fulani ianzie hapa, ikatwe pale, ipunguzwe kule. Sauti zenyewe zinaweza kuwa zimekaa mahali pengine kabisa. Katika matoleo ya zamani ya Audacity, yaliyotangulia toleo la 3.0 la Machi 2021, mradi ulikuwa na vitu viwili: faili ndogo yenye mkia wa aup, na kando yake folda yenye jina hilo hilo na neno data. Sauti zote zilikaa ndani ya folda. Kipakatalishi nilichoazima kilikuwa na toleo hilo la zamani. Mimi nilinakili faili, nikaiacha folda. Nilibeba daftari, nikaacha nyimbo.

Tangu toleo la 3.0 mradi ni faili moja tu yenye mkia wa aup3, hivyo kosa hilo ni gumu kulifanya. Lakini tarakilishi nyingi za shuleni na za mitaani bado zina programu za zamani, na karakana nyingine nyingi bado huziweka sauti katika folda yake. Basi shika haya:

Kwanza, mara tu unaposimamisha, kabla ya kunywa chai, toa faili ya WAV ya kazi yote. Programu huita amri hii ekspoti. WAV hubeba sauti nzima na hufunguka karibu kila mahali.

Pili, tazama ukubwa wake. Dakika moja, megabaiti tano. Dakika 47 zangu zilipaswa kuwa kama megabaiti 249. Faili niliyobeba haikufika hata megabaiti moja. Namba ilikuwa inaniambia ukweli pale pale nyumbani kwa kogo, nami sikuiuliza.

Tatu, ichomeke flashi kwenye mashine nyingine, uifungue, usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Nakala ambayo haijasikilizwa usiihesabu kuwa nakala.

Nne, weka nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na mojawapo ikae nyumba nyingine. Chama chetu sasa huweka moja maabara, moja katika kabati la mwalimu mlezi, na moja kwa familia ya aliyerekodiwa. Hiyo ya familia ni haki yao, si hisani yetu.

Tano, MP3 ni ya kugawia watu, si ya kuhifadhia. Hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio huzikosa kwa urahisi, na kilichotupwa hakirudi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma faili kama dokumenti ili isibanwe tena.

Sita, ipe faili jina lenye maana: tarehe, mahali, aina ya utungo. Faili iitwayo “mpya mpya 2” haitamsaidia mtu mwaka ujao, hata wewe mwenyewe.

6. SOMO KUTOKA KAPKATET

Huenda ukasema: kuhangaika kote huku ni kwa nini, nani atazisikiliza? Nikujibu kwa kisa kilichotokea si mbali na hapa. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet akawarekodi Wakipsigis. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwa “Chemirocha”, ulioimbwa na wasichana kwa kinanda cha nyuzi cha Kikipsigis. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku, na vinywa vya wenyeji vikalitamka kwa namna yao. Tracey hakuwa na kichujio wala amri ya kupunguza kelele. Alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni kwa mkono na kuipeleka karibu na mwimbaji. Kisha aliandika: wapi, lini, nani, wimbo gani. Mwaka wa 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na rekodi zake zikahifadhiwa humo.

Katika miaka ya 2010, zaidi ya miaka 60 baadaye, nakala za nyimbo hizo zilirudishwa kwa Wakipsigis, maktaba hiyo ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi. Sauti za wasichana wale zikasikika tena kwa Wakipsigis. Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mgeni wa mwaka wa 1950, kwa mashine nzito iliyobebwa kwa gari, alitunza sauti za Kapkatet. Mimi mwenyeji, kwa kipakatalishi kinachoingia mkobani, nilipoteza sauti ya nyanya yangu ndani ya wiki tatu. Tofauti yetu haikuwa mashine. Yeye alikaa karibu, akaandika, akahifadhi.

7. ZOEZI LA KUJIPIMA

1. Umerekodi hodiya kwa dakika 12, mono, 44,100, biti 16. Faili ya WAV inapaswa kuwa na megabaiti ngapi? Ukikuta 2, utafanya nini kabla ya kuondoka?
2. Kwa nini tunanasa sekunde 10 za kimya?
3. Mwenzako ameongeza bafa ili kuondoa tik-tik, sasa waimbaji wanalalamika kwamba wanajisikia wamechelewa. Mshauri.
4. Taja kasoro tatu zisizo na tiba, na kinga ya kila moja.
5. Likizo ijayo, nasa utungo mmoja kutoka kwa mzee wa kwenu. Tutausikiliza pamoja katika mkutano wa kwanza wa muhula, tukianza na wako usiokuwa na kasoro, au wenye kuku.

Mwisho, wanachama wenzangu na walimu wetu waheshimiwa, naomba jambo moja. Sote hapa tuna kogo au kugo, au jirani aliye mfano wao. Wimbi halipurwi tena kama zamani, na nyimbo zake zimebaki vinywani mwa watu wachache. Usingoje Agosti. Jumapili hii ukiruhusiwa kwenda nyumbani, keti karibu naye shibiri mbili, zima simu, uache sekunde kumi zipite.

Mimi nami bado huenda kwa kogo. Humchezea zile dakika mbili, naye hutikisa kichwa kufuata mdundo. Mwezi uliopita, wimbo ulipofika kwenye kiitikio, alitamka neno moja. Safari hii nilikuwa nimebonyeza kitufe chekundu, na nakala zake ziko tatu.